Kiti cha Mfupi

Kiti cha dereva kilikuwa kimerudi nyuma mno. Mshona mapazia aliliona hilo kupitia kioo, kabla hajagusa mlango, akabaki amesimama kwenye maegesho na simu ya marehemu mkononi, akijaribu kukumbuka kama ni yeye aliyekisogeza. Hakukisogeza. Asingethubutu, kwa sababu ninazopaswa kuzieleza mapema, la sivyo mtamwona mwehu.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, tena mfupi. Dada yake mwenyewe alimwita Mfupi mbele za watu, naye akaitika. Aliponunua gari la umeme, alichojivunia kuliko vyote ni kwamba halikuwa na ufunguo. Ufunguo ulikuwa simu yake. Akilikaribia na simu mfukoni, vioo vya pembeni vinakunjuka, kufuli zinaachia, tak, na kiti kinasogea chenyewe mpaka karibu kabisa na usukani, mahali pake.

"Funguo hupotea," alikuwa akisema. "Simu mtu analala nayo. Hili gari halitanisahau hata siku moja."

"Litakusahau vipi," mkewe anamjibu, "na kila ukikaa linadhani limebeba mtoto?"

Kisha asubuhi moja alianguka kazini, ndani ya lifti aliyokuwa akiitengeneza, na hakuinuka. Hospitali ilirudisha viatu vyake na simu ndani ya mfuko wa plastiki. Ndugu walimshauri mjane aizime ile simu. Yeye akaichomeka kwenye chaja. Tangu hapo, kila jioni, saa ambayo mumewe alikuwa akirudi, alishuka ngazi na simu ile mfukoni mwa aproni, akasimama kando ya gari, akasikia tak, akatazama kiti kikija mbele kumpisha mtu asiyekuwepo. "Karibu nyumbani," anasema. Anajifuta uso, anapanda kupika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo mimi simcheki.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka mitano, aliyeitwa Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Tangu mazishi Chiriku alikuwa hajasema neno. Ukimuuliza anatikisa kichwa. Mama yake angetoa cherehani, nyumba na macho yake mawili ili amsikie tena akibishana kuhusu uji.

Kwa hiyo jioni ile alipokuta kiti kimerudi nyuma, alijiambia kwamba gari limeharibika. Siku iliyofuata akashuka tena. Kiti kilikuja mbele kama kawaida, kikasita, kikatetemeka, kisha kikarudi nyuma polepole hadi mwisho wa reli. Kioo cha ndani nacho kikageuka, kidogo kidogo, mpaka kikaelekea kiti cha nyuma anapokaa mtoto. Ndani hamkuwa tena na harufu ya grisi aliyokuwa akishuka kuinusa. Mlinuka nywele zilizoungua. Alipanda ngazi haraka na hakusema karibu.

Angekomea hapo. Lakini jioni ya tatu, simu ya marehemu ikiwa juu kwenye kabati, alimtafuta Chiriku nyumba nzima na akamkuta ndani ya gari, kwenye kiti chake cha nyuma, amefungwa mkanda. Mkanda ule kifungo chake kilikuwa kigumu. Mama mtu alihangaika nacho kila safari, ni baba tu aliyekiweza kwa mkono mmoja. Na Chiriku alikuwa anaongea. Anaongea na kucheka.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na baba."

Ni kweli mama aliogopa, ila furaha ilikuwa kubwa kuliko woga, na furaha ya namna hiyo haiulizi maswali. Siku zilizofuata alimwacha mtoto ashuke. Yeye alikaa dirishani akishona, akitazama kichwa kidogo kikitikisika ndani ya gari, akisikiliza sauti aliyoililia muda mrefu. Aliamini mumewe amerudi, na wala hakuona haya kuamini.

Mpaka jioni ya mvua. Alikuwa anapinda pazia la mteja, simu ya marehemu iko mezani pembeni ya mkasi, aliposikia tak kutoka chini, akainua macho akaona taa za gari zimewaka, na Chiriku yuko nyuma, na gari, ambalo halina muungurumo wa kumwamsha mtu, linasogea taratibu kuelekea kwenye geti la barabara kuu, akatupa pazia, akashuka ngazi bila viatu, akakimbia ndani ya mvua akiligonga kwa viganja na kuliita kwa jina la mumewe, simama, baba Chiriku, simama, na alipofika usawa wa dirisha la dereva akaona ngozi ya kiti imebonyea kwa uzito wa mtu, na juu yake kitambaa cha dari nacho kimebonyea, kimesukumwa na kichwa, mahali ambapo kichwa cha mumewe kisingefika hata angesimama juu ya kiti.

Gari lilisimama getini. Alimtoa mtoto kwa nguvu, mkanda ukimkwaruza vidole, akampigia wifi yake simu.

"Wifi," alinong'ona, "kuna mtu ndani ya gari la kaka yako."

"Mtu gani?"

"Mrefu."

Kesho yake asubuhi wifi alikuja na mganga, mwanamke mnene mwenye miwani ambaye watu wa mitaa ya jirani walimjua zaidi kwa kuuza mitungi ya gesi. Alilizunguka gari, akanusa, akasikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Mimi magari siyajui," alisema. "Milango ndiyo naijua. Wewe kila jioni ulifungua mlango ukasema karibu nyumbani. Hukusema karibu nani. Akaingia aliyesikia."

"Nilikuwa namwita mume wangu."

"Najua, mama. Pole. Lakini huo ufunguo lazima ufutwe, na aliyefungua mlango ndiye anayeufuta. Mimi nitamtoa. Wewe uzuie asirudi."

Mshona mapazia aliingia akakaa kiti cha abiria. Wifi alibaki nje amembeba Chiriku. Kwenye skrini ya gari, kando ya usukani, zilionekana funguo mbili. Moja, ya simu yake, iliandikwa Mama Chiriku. Nyingine mumewe alikuwa ameiandika mwenyewe, siku ya kwanza, akicheka: Mfupi. Ukiufuta ufunguo, gari linasahau na kiti chake, na vioo vyake, na kila kitu chake.

Mganga alisimama kwenye dirisha la abiria, akawasha ubani akaanza kusoma. Kufuli zilijifunga zote kwa pamoja. Kiti cha dereva kikaenda mbele na nyuma kwa kishindo, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa hadi mjane akaziba pua kwa kanga, vioo vikajikunja na kukunjuka, sauti ya mganga ikapanda, na ghafla mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe na gari zima likainuka, kama linavyoinuka ukishusha mzigo mzito.

Kukawa kimya. Kisha kiti cha dereva kikaanza kusogea mbele. Taratibu, bila kutetemeka, hadi karibu na usukani, mahali pake. Kukanukia grisi.

"Futa sasa," mganga alisema.

"Ni yeye."

"Wote husema hivyo. Linakuonyesha unachokipenda. Futa."

"Subiri kidogo. Mama, nakuomba."

"Wifi," dada wa marehemu alisema huku akilia, "futa. Una mtoto."

Gari likamuuliza kama ana uhakika. Hakuwa nao. Alibonyeza.

Grisi ilipotea hewani. Mganga alifungasha vitu vyake, akakataa chai, akaenda zake. Ni baada ya wifi pia kuondoka ndipo Chiriku, akiwa amekaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, alipouliza kwa sauti ndogo:

"Mama, mbona umemfukuza baba?"

"Yule hakuwa baba, mwanangu."

"Yule mrefu alishatoka. Alitokea mlango wa nyuma. Baba alikuwa anakaa nyuma na mimi. Ananifunga mkanda, ananishika, ili yule asinichukue. Alipotoka ndio baba akaja mbele, akae na wewe."

Mama alilia mpaka mtoto akachukua kipande cha pazia akamfuta uso.

Gari lile halijaendeshwa tena. Vumbi limelijaa, majirani wameshauri liuzwe, na hakuna aliyesikia tak tangu siku ile. Ila kiti bado kipo mbele, karibu kabisa na usukani, pale kilipoachwa, maana hakuna ufunguo mwingine uliolikaribia. Kila jioni, saa ileile, mshona mapazia anaweka simu yake mwenyewe juu ya meza, mbali, gari lisije likamtambua yeye na kukisogeza kiti. Kisha anashuka mikono mitupu, anapangusa kioo kwa kiganja, anakitazama kiti.