Udi wa Dirisha Wazi

Saa nane mchana mtaa wa Kreta hulala. Jua la Aden likishakaa juu ya vichwa vya watu, hakuna mjadala. Watu hula samaki na wali, hufunga madirisha ya upande wa jua, hujinyoosha. Hata paka wa sokoni hulala chini ya mikokoteni.

Katika nyumba ya Awadh watu wanne walikuwa wakilala. Awadh mwenyewe, fundi wa majokofu. Watoto wake wawili, Hani na mdogo wake. Na mama yake, Bibi Takia. Mke wake, Intisari, hakuwa akilala. Alikuwa akisubiri mumewe aanze kukoroma. Kisha alishuka ngazi kwa ncha za vidole, akaingia katika kijichumba kilicho chini ya ngazi, akajifungia kwa ufunguo.

Humo alikuwa na starehe zake mbili. Ya kwanza ilikuwa bilauri ya chai ya maziwa yenye iliki tele, pamoja na kipande cha halua. Halua hiyo hakumgawia mtu.

Ya pili ilikuwa udi. Si wa kununua, wa kupika mwenyewe. Alichemsha sukari na marashi ya mawaridi mpaka ikawa shira. Akatia unga wa sandali, vipande vya mti wa udi na miski kidogo. Akamimina katika sinia, ukapoa, akauvunja vipande vya kuchoma chetezoni. Siku moja punje za iliki zilimdondoka kutoka kwenye chai, zikaingia sufuriani. Alitaka kuzitoa. Kisha akanusa, akaziacha. Tangu siku hiyo hakupika udi bila iliki.

Lakini moyo ulikuwa ukimsuta.

"Mama mzima wewe," alijiambia. "Mtoto anataka viatu, nawe unanunua miski."

Kisha alinusa sinia, na moyo ukanyamaza kidogo.

Wakati mwingine Awadh aliuliza, "Harufu hii nzuri inatoka wapi?"

"Kwa Ulfati," Intisari alijibu.

Ulfati alikuwa jirani wa ng'ambo ya uchochoro. Alikuwa akiuza udi, na kila mtu alilijua hilo. Alipika juu ya paa, mchana kweupe. Intisari alimwona mwenye maringo.

Siku moja Intisari alikwenda kumpongeza rafiki aliyejifungua. Mgeni mmoja, Bi Shafika, alishika ncha ya shela ya Intisari akainusa.

"Mama Hani, udi huu umeununua wapi?"

Intisari alikuwa na jibu lake la siku zote: nimepewa. Lakini siku hiyo ulimi ulimponyoka.

"Napika mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi."

Bi Shafika alinusa tena. "Binti yangu anaolewa wiki ijayo, Alhamisi. Nataka vikopo arobaini, kila mgeni aondoke na kimoja. Utaweza?"

Arusi ya Bi Shafika. Wanawake wa Kreta nzima wangekuwepo. Udi ukiwapendeza, Intisari angekuwa na biashara. Ukiharibika, hakuna ambaye angemwita tena.

"Nitaweza," alisema.

Alirudi nyumbani kifua mbele. Njiani alianza kuwaza. Gesi aliyozoea kupikia ilikuwa haipatikani mjini. Basi angepika kwa makaa. Na Ulfati je? Watu walisema pua yake inapita ukutani. Akinusa sufuria ya mtu, anajua kila kilichomo. Kwetu Aden mwanamke atakuonyesha dhahabu yake yote, lakini sufuria yake ya udi hakuonyeshi.

Jumatatu, saa nane mchana, Intisari aliwasha jiko kubwa la makaa mle kijichumbani. Sukari ilikuwa imeanza kuchemka aliposikia mlango unagongwa.

"Fungua. Najua umo."

Alikuwa mama mkwe wake. Intisari alifungua. Bibi Takia alitazama sufuria. Akatazama chai. Akatazama halua.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili, mama. Nisamehe."

"Miaka miwili unakula halua peke yako, na mimi niko hapo juu nahesabu nzi."

Bibi Takia aliingia, akakaa juu ya gunia la mchele, akajimegea halua. Kisha akachungulia sufuriani.

"Shira bado hiyo. Ingoje iwe rangi ya tende."

"Mama, wewe unajua kupika udi?"

"Nilipika nikiwa msichana. Nikaolewa. Baba yake Awadh, Mungu amrehemu, akasema nachoma pesa motoni. Nikaacha. Miaka arobaini sasa." Alifuta vidole. "Mikono haijasahau. Nipe mwiko."

Intisari alimpa. Alimweleza habari ya arusi. Macho ya mama mkwe yaling'aa.

"Vikopo arobaini! Sasa dirisha umeliacha wazi kwa nini? Ulfati si yuko hapo ng'ambo? Mama yangu alikuwa anaziba hata tundu la ufunguo."

Wakaziba dirisha kwa vitambaa. Wakafunga mlango kwa ufunguo, wakakunja blanketi, wakalisukuma chini yake. Kisha wakapika. Bibi Takia alikoroga, Intisari akapima. Walizungumza na kucheka kimyakimya. Kwa miaka kumi na miwili walikuwa wameishi nyumba moja, na siku hiyo ndiyo kwanza walikuwa marafiki.

Baada ya muda, Bibi Takia alijishika kipaji cha uso.

"Miski yako kali. Kichwa kinanigonga."

"Hata mimi," alisema Intisari. "Ni joto."

"Tumbo nalo limechafuka. Ni hiyo halua."

"Kunywa chai, mama."

Bibi Takia hakuichukua bilauri. Mwiko ulimtoka mkononi. Akateleza taratibu kutoka juu ya gunia, akalala chini, macho nusu wazi.

"Mama? Mama!"

Intisari alitaka kusimama. Miguu haikumtii. Kichwa kilizunguka. Alitambaa mpaka mlangoni, akavuta blanketi, akazungusha ufunguo. Mlango ukafunguka, hewa ikampiga usoni. Alimshika mama mkwe wake kwapani, akamvuta hatua kwa hatua mpaka ukumbini. Kisha akapiga kelele kwa nguvu zote zilizobaki.

Wa kwanza kufika alikuwa Ulfati, miguu mitupu. Na jambo la kwanza lililomjia Intisari, jambo ambalo baadaye alilicheka kwa aibu, lilikuwa hili: ameiona sufuria yangu.

Ulfati hakuitazama sufuria.

"Mtoeni nje. Si ukumbini, nje kabisa, penye hewa."

Awadh alikuwa ameshuka mbio. Alimbeba mama yake mpaka uchochoroni. Akarudi kumchukua mkewe.

"Leteni maziwa," Awadh alisema. "Maziwa yanaondoa sumu."

"Usimtie mama yako kitu mdomoni," alisema Ulfati. "Hana fahamu, atapaliwa. Tafuta gari."

"Na jiko je? Nikalitoe?"

"Usiingie humo. Acha mlango wazi, hewa ipite kwanza. Unataka tukubebe na wewe?"

Hospitalini Bibi Takia alivalishwa kifuniko cha kupumulia, na Intisari chake. Walipewa oksijeni ya mtungi. Alasiri Bibi Takia alifumbua macho. Daktari alisema, "Mmewahi. Nusu saa zaidi, ningekuwa na maneno mengine ya kuwaambia."

Ulfati alikuwa amekaa kando ya kitanda muda wote. Intisari alimgeukia.

"Nilidhani ni miski," alisema.

"Ni makaa," alisema Ulfati. "Makaa yakiwaka yanatoa sumu. Huioni. Haina rangi, haina harufu. Chumba kikifungwa, inajaa."

"Lakini wewe una pua ambayo..."

"Pua yangu haifai kitu hapo, Mama Hani. Dada yangu Nuria alikuwa na pua kunishinda. Alipika udi chumbani, akaziba dirisha, ili jirani asijue anatia nini. Jirani mpaka leo hajui. Na Nuria tulimzika siku ile ile."

Alinyoosha shuka la Bibi Takia. Kisha akasema, "Wewe ulidhani napika juu ya paa kwa kupenda jua la Aden?"

Intisari aliinamisha uso. Yeye alidhani ni maringo.

"Basi niambie nijue," alisema. "Inaanzaje?"

"Kichwa kinauma. Unapata kizunguzungu na kichefuchefu. Miguu inalegea, usingizi unakuja. Watu wawili katika chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja, wasilaumu miski wala halua. Watoke nje mara moja. Kisha waende hospitali, hata kama wanajiona wamepona. Mtoto, mzee na mjamzito huzidiwa mapema."

"Nikifungua dirisha kidogo je?"

"Kidogo hakutoshi. Jiko la makaa mahali pake ni nje. Msimu wa baridi, watu wa milimani hulala nalo ndani wapate joto, asubuhi hawaamki. Hata chetezo, ukimaliza kufukiza nguo, kitoe. Usilale nacho."

Daktari alikuwa akisikiliza mlangoni. "Sina la kuongeza," alisema, akaenda zake.

Awadh aliingia. Intisari alimweleza yote: kijichumba, chai, halua, miski, miaka miwili. Machozi yalimtoka.

"Starehe yangu imetaka kumuua mama yako. Sipiki tena. Nitamwambia Bi Shafika atafute mwingine."

Sauti nzito ilitoka kitandani. Bibi Takia alikuwa ameinua kifuniko chake.

"Nani kasema hupiki?"

"Mama, pumzika."

"Starehe ile ni yangu pia. Nimeingoja miaka arobaini, nimeipata mchana mmoja. Usininyang'anye."

Muuguzi alimrudishia kifuniko, lakini macho ya bibi yaliendelea kusema.

Awadh alikuna kichwa. "Miaka miwili, Mama Hani? Nami nilikuwa namwonea wivu mume wa Ulfati kwa harufu ile. Ungeniambia ningekutengenezea mahali."

"Ungesema nachoma pesa motoni."

Awadh alikuna tena. Alijua kwamba angesema.

Kesho yake walirudi nyumbani. Awadh alipanda juu ya paa na mabomba manne na turubai kuukuu. Akasimika kivuli, pande zote nne wazi. Ubavu wa jokofu bovu akaufanya kinga ya upepo, jiko lisizimike. Kisha akashuka, akaung'oa mlango wa kijichumba cha chini ya ngazi. "Humu hakifungwi kitu tena," alisema.

Jumatano Intisari alipika upya. Bibi Takia alikatazwa kukaa karibu na moto, kwa hiyo aliwekewa kiti upande upepo unakotoka, akatoa amri.

"Rangi ya tende, Intisari. Ya tende, si ya lami."

Moshi mtamu ulipanda, ukashuka mtaani. Haukupita muda, Ulfati alitokea ngazini. Mwiko ulisita mkononi mwa Intisari.

"Endelea," alisema Ulfati. "Pua inajua kilichomo. Haijui umetia kiasi gani, wala saa ngapi. Ndiyo maana miaka yote napika hadharani na hakuna aliyenishinda." Alifumba macho, akavuta pumzi. "Sandali. Mawaridi. Udi wa Kihindi. Miski, kidogo. Na iliki, lakini hiyo ni ya chai yako."

Intisari aliinua bilauri yake.

"Ya chai," alisema, akanywa.

Bibi Takia alishikwa na kikohozi, akageukia ukuta mpaka kilipopita.

Alhamisi Bi Shafika alichoma udi ule kwenye vyetezo vitatu. Intisari alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Aliwaona wanawake wakisita katikati ya maneno yao. Aliwaona wakiinua shela, wakinusa, wakiulizana. Mmoja alimgeukia Ulfati.

"Huu ni wako?"

Ulfati angeweza kukaa kimya. Angeweza kutabasamu tu.

"Wangu ni mzuri," alisema. "Huu ni wa Mama Hani, yule pale. Sogea, Mama Hani, wakuone."

Intisari alisimama. Alikuwa amezoea kuficha harufu ile katika mikunjo ya nguo, akiomba asiulizwe. Sasa aliulizwa na ukumbi mzima, naye alimjibu kila mmoja.

Tangu siku hiyo, saa nane mchana Kreta hulala kama zamani, isipokuwa juu ya paa moja. Chai huwa bilauri mbili. Halua huwa ya kutosha, na watoto hugawiwa. Iliki hununuliwa kwa kilo. Akija msichana kutaka kujifunza, Intisari humfundisha shira na sandali, lakini kwanza humuuliza swali moja: nyumbani kwenu jiko linakaa wapi?

Juzi mtu alipita uchochoroni, akasimama, akainua uso.

"Nani anapika huko juu?"

Intisari alifungua mdomo. Bibi Takia alimwahi. Alijikongoja mpaka kwenye ukingo wa paa, akaweka viwiko vyake juu ya ukuta, mtaa mzima umwone.

"Ni Takia binti Saleh," alisema, "pamoja na mke wa mwanawe. Vimebaki vikopo sita. Panda."