Magurudumu ya Boti ya Baba

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Baba alikuwa ameshapima kitu. Alipima upepo kwa kidole kilicholowa, akapima sukari kwenye kopo kwa jicho moja, akamsimamisha binti yake kwenye fremu ya mlango kuona kama ameongezeka urefu. Hakuwa fundi nguo wala mwenye duka. Alikuwa mpimaji maji wa bwawa lililounywesha mji mzima. Saa moja kamili aliingiza boti yake ndogo ya mpira majini, akaenda mpaka kwenye nguzo tatu zenye namba zilizosimama katikati ya bwawa, akasoma maji yamefika wapi, kisha akarudi kuandika kwenye daftari lenye jalada la bluu.

"Siku nikifa," Mama alimtania, "wewe utapima kaburi mara mbili kabla ya kulia."

"Mara tatu," Baba alijibu. "Umenenepa siku hizi."

Binti yao alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, amenyooka, na Baba alimwita Rula. Nyumba nzima ikamwita hivyo, na shule ikafuata.

Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha. Maji ya bwawa yalirudi nyuma wiki hadi wiki, yakaacha hatua mia mbili za mchanga na tope kati ya kibanda cha boti na maji. Zamani Baba aliiburuta boti hatua kumi tu. Sasa aliiburuta zote mia mbili, pamoja na mashine yake na galoni la mafuta. Mwezi wa tatu ngiri ikamtoka. Alipasuliwa, akashonwa, na daktari hakumzungusha: "Ukivuta kitu kizito tena, mzee, tutaonana hapahapa. Safari hiyo sikuahidi kitu."

Ndipo Baba akaamua kwamba boti ifungwe magurudumu.

Fundi wa mashine za boti alikuwa mama mmoja mwenye mikono iliyojaa grisi mpaka viwikoni. Watu walimwita Mama Spana. Alikuwa ameshafunga vishikio kwenye ubao wa nyuma wa boti, pale mashine inapokaa. Jumamosi Rula alipotumwa kwake, alimkuta ameweka jozi mbili za magurudumu juu ya meza, kila moja na miguu yake ya chuma.

Jozi ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya plastiki ngumu, nyembamba, inang'aa kama pipi iliyolambwa. Ya pili ilikuwa ya mpira wa kijivu, nene, laini, kama matumbo ya watu walioshiba.

"Haya manene mabaya kweli," Rula alisema.

"Usichague kama unachagua viatu vya sherehe," Mama Spana alimwambia. "Chukua jozi zote mbili. Kazipimeni kwenye tope, boti ikiwa na mzigo wake. Isiyofaa nirudishie jioni."

Nyumbani, Baba aliyarudia yaleyale akiwa ameegemea mto, mkono juu ya mshono. "Mwite mlinzi wa bwawa akusaidie. Fungeni mashine, galoni liwe limejaa. Vuteni mpaka majini kwa jozi hii, halafu kwa ile. Umenisikia, Rula? Uyapime."

"Nitayapima, Baba."

Kibandani sakafu ilikuwa ya saruji. Rula alichomeka magurudumu mekundu, akatia pini, akaivuta boti. Ilikuwa tupu, mashine ilikuwa bado imeegemezwa ukutani. Boti ikamfuata kama mbuzi aliyezoea kamba. Aliizungusha mara mbili, akacheka peke yake.

Kisha akatazama nje. Tope lilikuwa jeusi, limepasukapasuka juu na kulowa chini, linanuka samaki waliooza. Mlinzi alikuwa mbali kule getini. Na Rula alikuwa amevaa raba nyeupe, mpya, kwa sababu saa tisa timu yao ya netiboli ilikuwa na mechi na yeye ndiye mfungaji.

Alisimama kidogo. Halafu akachukua futi ya chuma iliyoning'inia msumarini. Akapima urefu wa magurudumu mekundu, upana wake, na nafasi kati ya mguu na mguu. Akapima na ya kijivu vilevile. Akaandika kila kitu kwenye karatasi, kwa namba safi, kama Baba alivyomfundisha. Amepima. Nani angesema hajapima?

Akayapakia ya kijivu kwenye mkokoteni, akayarudisha. Mama Spana alikuwa amezamisha kichwa ndani ya mashine ya mtu.

"Baba yako kachagua yapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mekundu."

"Kwenye tope lile?" Spana ilisita kidogo. "Haya. Yeye ndiye mpimaji."

Jioni, baada ya kushinda mechi, Rula alimpelekea Baba ile karatasi. Baba aliisoma akitikisa kichwa kwa furaha.

"Umeyapima?"

"Nimeyapima, Baba."

"Na yaliyofaa?"

"Mekundu. Yanateleza kama yamepakwa mafuta."

"Yale membamba?" Baba alimtazama muda mrefu kidogo. "Basi. Aliyepima ni wewe."

Jumatatu Baba alirudi kazini. Yaliyotokea alikuja kuyasimulia mlinzi. Boti ilitoka kibandani vizuri, ikapita mchanga mkavu vizuri. Ilipofika kwenye tope, magurudumu yalizama kama visu kwenye embe lililoiva, ubao wa nyuma ukakaa chini. Mlinzi alipiga kelele kutoka getini, "Ngoja, mzee, nakuja!" Baba alitazama saa. Ilikuwa saa moja kasoro dakika tano. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuchelewa kusoma nguzo. Akazungushia kamba kiganjani, akavuta. Akavuta tena. Halafu akakaa chini kwenye tope, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Alilazwa wiki tano. Daktari alipotoka chumba cha upasuaji, alimwambia Mama kwamba Baba ataishi, lakini asishike tena kamba, wala kasia, wala ndoo iliyojaa. Mama alishukuru. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akamshika Rula mkono, wakaenda moja kwa moja kwa Mama Spana. Palikuwa na wateja wanne.

"Wewe mwanamke!" Mama alianza kabla hajafika mlangoni. "Umetupatia takataka! Umemmaliza mume wangu!"

Mama Spana alifuta mikono kwa kitambaa. "Dada yangu, pole. Mimi niliwapa jozi mbili. Nikasema mkapime kwenye tope."

"Yalipimwa! Mwanangu aliyapima kwa mikono yake!"

Mteja mmoja alichukua mashine yake ndogo, akaikumbatia, akaondoka. Wa pili akamfuata. Mama Spana aliwatazama wakienda. Kitambaa kiliendelea kufuta mikono ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Mama," Rula alisema. "Sikuyapeleka kwenye tope."

"Umesema nini?"

"Niliyapima kwa futi. Kibandani. Boti ilikuwa tupu."

Mama aliinua mkono, ukabaki juu hewani. Rula alisubiri kofi, na laiti lingekuja. Mama aliushusha mkono, akageuka kwa Mama Spana, akapiga magoti sakafuni penye mafuta, kwenye khanga yake safi, akaomba radhi. Rula hakuwahi kumwona mama yake akipiga magoti mbele ya mtu. Alipiga magoti pia, lakini hilo halikupunguza chochote.

Siku hiyohiyo Mama Spana alileta magurudumu ya kijivu mwenyewe. Yeye, mlinzi na Rula waliivuta boti yenye mashine na galoni lililojaa. Ilipita juu ya tope bila kuzama hata inchi mbili. Kazi nzima ilichukua dakika kumi. Rula aliosha raba zake bombani, weupe haukurudi.

Baba aliporuhusiwa kutoka hospitali, Rula alimweleza yote. Alieleza akiwa amesimama kwenye fremu ya mlango, pale penye alama za urefu wake. Baba alisikiliza akitazama dirishani.

"Sikudanganya, Baba," alimalizia, machozi yakimtoka. "Uliniuliza kama nimeyapima. Nilikuwa nimeyapima."

"Najua," Baba alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Ungenidanganya waziwazi, ningekushika. Macho yako siyajui? Lakini ulichukua neno langu mwenyewe, neno linalonilisha ugali, ukanifunika nalo." Akakusanya pumzi. "Ulijua nilikuwa nauliza nini?"

"Nilijua."

"Basi sikiliza, mwanangu. Mtu akikuuliza, jibu alichouliza, usijibu neno alilotumia. Maneno yako yakiwa ya kweli, na aliyekusikia akaondoka na jambo lisilo kweli, na wewe unajua, huo ni uongo. Hauna jina jingine. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mshono haujui kusamehe, lakini mimi nimekusamehe."

Ofisi haikumfukuza. Ilimbadilishia kazi. Mlinzi, aliyefundishwa na Baba kusoma namba, alipewa boti na daftari la bluu. Baba akapewa kiti cha mlinzi getini. Kila asubuhi, Rula akienda shule, alimpitishia chai. Kutoka pale waliiona boti ikishuka juu ya magurudumu yake manene, kimya, bila taabu, mtu mmoja akiivuta kwa mkono mmoja. Baba aliitazama mpaka iingie majini.

Mlinzi wa zamani aliporudi, Baba alisimama polepole kwa kushika nguzo ya geti.

"Umepima?" aliuliza.

"Nimepima, mzee."

"Nguzo zote tatu?"

"Zote tatu. Ya mwisho nimeisoma mara mbili, ilikuwa na matope."

"Vizuri," Baba alisema, akakaa.

Zamani hakuwa na mazoea ya kuuliza mara ya pili. Rula alichukua kikombe kitupu, akakisuuza, akaenda shule.