Nani Atanishikia Bakuli

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida kabisa, jua la Chanika linawaka, na mie nimekaa kibarazani kwa Tunu namenya vitunguu ambavyo hata sikuombwa kuvimenya. Ndivyo nilivyo, mikono yangu haijui kutulia. Tunu ni mtoto wa mama yangu mkubwa, Bi Hidaya, kwa hiyo ni dada yangu, na kati ya nyumba yao na yetu kuna uzio wa michongoma tu.

Tunu alikuwa anadarizi. Wenzake wanadarizi maua ya vitambaa vya makochi, yeye anadarizi picha za jikoni, na jikoni kwenyewe hakupo popote duniani. Kwenye kitambaa kimoja masufuria yamejifunga kanga yanasutana. Kwenye kingine samaki wamekaa mkekani, wameshika sahani, wanamsubiri mvuvi aive. Nilikuwaga namwambia, "Wewe una wazimu," naye anacheka na kung'ata uzi.

Dada mmoja mwenye duka la picha kule Mwenge, Benedicta, alikuwa amemwomba vitambaa sita vya maonyesho. Ijumaa anavifuata. Tunu alikuwa na vitano.

"Cha sita namalizia cha mama," akasema.

Nikaweka kisu chini.

Mama Mkubwa Hidaya alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, akaacha kitambaa kwenye fremu. Yeye ndiye aliyetufundisha kushika sindano. Alikuwa ameshadarizi mafiga matatu, chungu, moshi unaopanda juu kama ngazi, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo hajaikalia mtu. Kwetu kazi ya marehemu haimaliziwi. Unachomoa sindano, unakata uzi, unakunja, unatia sandukuni, basi. Mie nililijua hilo na Tunu alilijua.

"Namweka mwenyewe hapo kwenye mbuzi," akasema. "Namdarizi katupa mgongo. Nimemkumbuka, Mwatumu."

Ningemkataza. Badala yake nikaanza kulia, maana na mie nilikuwa nimemkumbuka. Na alipolalamika kwamba uzi mweupe umezidi weupe, haufanani kabisa na mvi za mama, mie, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia ninacho kitana chake.

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Maisha yake yote Mama Mkubwa akichana nywele alikuwa anaokota zilizobaki kwenye kitana, anaziviringisha, anazifukia chini ya mpapai. Hakuna mwanamke wa kwetu anayeacha nywele zake zizagae. Alipofariki wanawake walifukia kila kilichotakiwa kufukiwa, ila kitana nilikuwa nimekificha mie, kwa mapenzi tu. Nikaenda nikakileta, na mvi zimo. Tunu akazidarizi mojamoja kwenye kisogo cha yule mwanamke wa kitambaani. Kufika jioni alikuwa Mama Mkubwa mwenyewe, mpaka lile bega lake moja lililoshuka.

Jumanne saa saba mchana nikasikia mbuzi inakuna nazi. Kwaru, kwaru, kwaru. Nikajua kwa Tunu leo wali wa nazi, nikapenya kwenye uzio nikaombe tui. Jikoni hakukuwa na mtu. Mbuzi ilikuwa imekunjwa, imetundikwa kwenye msumari wake. Tunu alikuwa amelala chumbani, na binti yake Naima, wa miaka sita, alikuwa kibarazani anatafuna.

"Unakula nini?"

"Nazi. Kanipa bibi. Nimemshikia bakuli."

Nikamfungua mdomo. Katikati ya meno kulikuwa na nazi iliyokunwa, mbichi. Nyumba ile haikuwa na nazi tangu Jumapili.

Mama Mkubwa hakuwahi kukuna nazi peke yake. Lazima awepo mtoto wa kumshikia bakuli chini ya meno ya mbuzi. "Nani atanishikia bakuli?" alikuwa anaita toka jikoni, na sie utotoni tulikuwa tunakimbia, kwa sababu anayeshika ndiye anayeonjeshwa. Naima bibi yake aliugua kabla yeye hajafikia umri wa kumshikia. Mchezo ule hakuna aliyemfundisha.

Jumatano Naima akakataa kula. Alisema ameshiba, amekula kwa bibi. Akashinda amelala, viganja vya baridi. Tunu akaniita kwa mkono, hakutaka kutoa sauti. Kitambaa kilikuwa ukutani, bado kwenye fremu.

"Huyu umemweka wewe?" akaninong'oneza.

Mbele ya mbuzi palikuwa na mtoto. Amedariziwa miguu, gauni la njano na mikono miwili iliyoshika bakuli. Uso hana. Naima chumbani alikuwa amevaa gauni la njano.

"Mie sijagusa," nikamwambia.

"Na mie sijagusa."

Nikakigeuza. Nyuma ya kitambaa cha kudarizi kuna mafundo na nyuzi zilizopishana, ndivyo vilivyo vyote. Hiki hakikuwa na fundo hata moja. Upande wa mbele Mama Mkubwa alikuwa ametupa mgongo. Upande wa nyuma alikuwa anatutazama.

Alhamisi asubuhi mtoto wa kitambaani alikuwa ameota kidevu na mdomo. Naima hakuamka sawasawa. Tulimkimbiza zahanati, wakampima, hawakuona kitu, tukarudi naye mgongoni. Tunu akachukua mkasi mdogo akaanza kufumua. Akakata mshono mmoja, kidoleni mwa mguu wa yule mtoto. Naima akalia chumbani. Tulipomfikia kidole chake cha mguu kilikuwa kinatoka damu.

Tukasema basi tumfumue bibi. Nikanasa mvi moja kwa ncha ya sindano, nikavuta. Ikaja. Ikaendelea kuja. Mkono ukanyooka wote. Nikarudi nyuma, hatua, hatua, mpaka mlangoni, na unywele bado unatoka. Halafu upande wa pili ukavutwa. Taratibu tu. Nikaachia, na unywele wote ukarudi ndani ya kitambaa.

Tunu akauweka mkasi chini. Kisha akaniambia nikakae nje na Naima.

"Mama hana ubaya," akasema. "Anataka mtu wa kumshikia bakuli. Mie nimemshikia miaka kumi, najua anavyopenda."

"Tunu, usifanye hivyo."

"Na wewe ukimlaza mwanangu na njaa, nitakusumbua," akasema, akatabasamu kidogo.

Nikamwona kupitia dirishani anang'oa nywele zake, nyeusi, ndefu, anazitunga kwenye sindano. Ningeingia nikamnyang'anya. Lakini mtoto alikuwa mapajani mwangu, baridi, na nilitaka apone. Saa ile nilimtaka mtoto kuliko nilivyomtaka dada yangu. Hilo sijajisamehe.

Adhana ya alasiri ilipokwisha, Naima akafumbua macho akasema ana njaa. Nikamwita Tunu. Nikaita tena. Nyumba ile ina mlango mmoja na mie ndiye niliyekuwa nimeukalia, na madirisha yana nondo. Ndani nilikuta kiti, sindano na kitambaa. Mama Mkubwa amekaa kwenye mbuzi. Mbele yake amechuchumaa mwanamke mwenye nywele nyeusi, na bakuli sasa analo yeye. Pale alipokuwa mtoto palikuwa na matundu ya sindano tu.

Polisi walitafuta wee, mwisho wakasema atakuwa amefuata mwanaume. Benedicta alipokuja Ijumaa nilimpa vitambaa vitano, cha sita nikakifukia chini ya mpapai.

Naima sasa ana miaka minane, naishi naye. Mtaani wananisema, mtoto wa kike kwa nini namnyoa upara kila Ijumaa. Nawajibu ana mapunye. Ukweli ni kwamba sitaki unywele wake wowote ubaki kwenye kitana chochote. Namnyoa juu ya gazeti na nazifukia mwenyewe. Mama Mkubwa simwogopi tena. Namwogopa Tunu, maana alimpenda mwanawe kupita kiasi, na pale alipo sidhani kama ameacha.

Ijumaa iliyopita nilimnyoa mchana kweupe, kibarazani. Nikakunja gazeti, nikaliweka kwenye ngazi, nikaingia kuchukua jembe nyuma ya mlango. Hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Gazeti nililikuta palepale, limekunjwa vilevile. Nikalifungua nihakikishe.

Nywele hazikuwemo. Kulikuwa na nazi iliyokunwa, kiasi cha kiganja, bado mbichi.

Naima akanyoosha mkono, akachota, akatia mdomoni kabla sijamzuia. Akatafuna polepole.

"Ya mama tamu," akasema. "Kuliko ya bibi."