Tanboi wa Magari ya Tai

Zamani zile, kabla lami haijafika Chepseon, mtu hakuhitaji saa ya mkononi ili kujua kumekucha. King'ora cha kiwanda cha chai kililia, na laini nzima ya nyumba za wafanyakazi ikaamka pamoja: milango ikigonga, watoto wakikohoa, moshi wa kuni ukipenya kwenye mabati na kuchanganyika na ukungu. Ah, siku zile! Baridi yake iling'ata masikio, lakini uji wake ulikuwa mtamu, na waliounywa hawajaacha kuusimulia mpaka leo.

Uji huo uliuzwa na mama yake Akeyo kando ya barabara, pale malori ya chai yaliposimama kupoza injini yakielekea stesheni ya Lumbwa. Akeyo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la nne, mwembamba, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Asubuhi alikwenda shule, na alasiri aliosha vikombe vya bati na kuwapelekea uji madereva. Baba yake, Kepher, aliyekuja kutoka upande wa ziwa, alifanya kazi kiwandani katika chumba cha kunyausha majani. Kaka yake, Joab, alipakia masanduku ya chai kwenye malori. Alipakia tu. Malori yalipoondoka alibaki amesimama, mikono kiunoni, akiyatazama mpaka vumbi litulie.

Joab alitaka kuwa dereva. Na ni nani hakutaka? Dereva wa siku hizo alikuwa mtu bwana! Akiingia hotelini watu walimsogezea kiti. Njia ya kufika huko ilikuwa moja: mwenye malori akuchukue uwe tanboi. Tanboi alipakia mizigo, akaosha gari, na gari liliposhindwa na mlima aliruka chini na gogo la mti, akalikinga gurudumu lisirudi nyuma. Ndipo tajiri naye amfundishe kuendesha mpaka apate leseni.

Waliochukua vijana kwa mapatano hayo walikuwa wawili. Wa kwanza ni kampuni iliyoitwa Magari ya Tai. Malori yake yalikuwa mapya, yamepakwa rangi ya kijani na kuchorwa tai mlangoni, na honi yake ilisikika kabla gari halijaonekana. Tanboi wake walivaa kaki na kofia. Wa pili alikuwa Mzee Nganga wa Kedowa, Mkikuyu mwenye malori matatu makuukuu ya kubeba viazi na kuni, turubai zake zimejaa viraka. Mzee huyo hakuwa na maneno mengi. Joab alipomwendea kumwuliza atafundishwa lini, alimjibu, "Kwanza utashika gogo masika nzima. Halafu tutaona."

"Masika nzima na gogo!" Joab alilalamika nyumbani. "Tai wanasema wiki ya kwanza tu nitaanza kufundishwa."

"Achana na mzee wa viraka," mama yake akasema. "Mtu ambaye gari lake lenyewe linakohoa atakufundisha nini?"

Laini nzima ilikuwa na mawazo hayohayo. Watu walipima kampuni kwa rangi ya gari na mlio wa honi. Baba peke yake alikunja uso, akaendelea kula.

Aliyewatafutia Tai vijana aliitwa Bwana Ephantus, mtu mcheshi, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Alasiri moja alikunywa uji wa Akeyo, akaufurahia, akainama karibu naye.

"Binti, nasikia nyanya yako yuko Kisumu?"

"Ndiyo, Bwana. Ni mgonjwa, na sijamwona muda mrefu."

"Basi msifie kaka yako kampuni yetu. Siku akiingia kwetu, nitakuketisha mbele, kando ya dereva, mpaka mlangoni kwa nyanya. Unasemaje?"

Furaha ilimjaa Akeyo mpaka akasahau kurudisha kikombe. Tangu siku hiyo wimbo wake ukawa Tai, Tai, Tai. Alimwimbia Joab akila, akamwimbia akivaa viatu. Joab akakata shauri. Ikaamuliwa kwamba Jumapili, baada ya kanisa, Bwana Ephantus atakuja nyumbani, na Joab atatia kidole gumba kwenye mapatano ya miaka mitano. Nyapara wa kiwanda naye alikuwa ameshasema wazi: "Ukitoka hapa, nafasi yako anaichukua mwingine kesho yake. Usije ukanililia."

Akeyo alikuwa na rafiki aliyeitwa Chepkemboi, Mkipsigis, mtoto wa wafugaji wa kule ng'ambo ya kijito. Chepkemboi aliuza maziwa palepale palipouzwa uji. Siku ya Alhamisi walikuwa wamekaa juu ya debe lililopinduliwa wakiyatazama malori.

"Kaka yangu atakuwa dereva wa Tai," Akeyo akajigamba.

"Dereva?" Chepkemboi akacheka. "Au wa kubebeshwa magunia? Wewe Akeyo, umewahi kumwona tanboi wa Tai akipanda upande wa usukani?"

"Si lazima nione mimi!"

"Haya, tazama leo. Tazama wakimaliza kunywa uji, kila mtu anapanda wapi."

Akeyo akatazama. Lori la Mzee Nganga liliwasili kwanza, likitoa moshi. Dereva wake na tanboi wakaketi kwenye benchi moja, wakanywa uji huku dereva akichora barabara kwa kijiti mchangani, akieleza mahali pa kubadilisha gia. Walipomaliza, tanboi akapanda upande wa usukani. Dereva akapanda kushoto. Gari likaondoka polepole, likirukaruka kama mbuzi, kwa maana kutoka hapo barabara ilikuwa imenyooka na mwanafunzi hangeweza kuleta hatari kubwa. Na yule dereva, Kipkosgei, Akeyo alimkumbuka vizuri. Mwaka uliopita Kipkosgei mwenyewe ndiye aliyekuwa akikimbia na gogo.

Kisha likaja lori la Tai, honi yake ikiwafukuza kuku. Dereva akaingia hotelini. Tanboi wake, Nyang'au, kijana mpole kutoka Kisii, akabaki nje akilinda mizigo.

"Kaka Nyang'au," Akeyo akamwuliza akimpa uji, "unafundishwa wewe?"

"Nafundishwa kuosha tairi," Nyang'au akajibu akicheka. Halafu kicheko kikamwishia. "Huu mwaka wa tatu, mdogo wangu. Kila nikiuliza, naambiwa mwezi ujao. Madereva wetu wote walitoka Nakuru na leseni zao. Nami siwezi kuondoka, nimeshatia kidole."

Dereva aliporudi, Nyang'au alipanda nyuma juu ya magunia, akajikunyata chini ya turubai. Gari likatoweka. Chepkemboi akamtupia rafiki yake jicho, na hilo lilitosha.

Akeyo alirudi nyumbani roho ikimwuma. Alijua inampasa kusema. Lakini akisema, safari ya kwa nyanya imekufa. Ijumaa akanyamaza. Jumamosi akanyamaza, na Joab akamwuliza, "Mbona siku hizi huniimbii Tai?" Akeyo akasingizia jino. Ukweli ni kwamba aliona aibu, na aibu hiyo ilimkosesha hata hamu ya chakula.

Jumapili ilifika. Lori la kijani likaja mpaka katikati ya laini, likasimama kwenye kijia chembamba baina ya nyumba. Watoto wakalizunguka wakishangilia. Dereva akaenda zake kuwatembelea jamaa zake ng'ambo ya kiwanda, na Nyang'au akabaki amesimama kando ya gurudumu. Ndani, Bwana Ephantus aliketishwa kwenye kiti kizuri, akapewa chai, akatoa karatasi na kidau cha wino.

"Haya kijana, weka gumba hapa, na maisha yako yabadilike."

Joab akajifuta kidole kwenye suruali. Akeyo akakitazama kile kidole kikienda kwenye wino, akapaza sauti.

"Joab, usiweke!"

Wote wakageuka. Mtoto wa kike kuingilia mazungumzo ya wakubwa mbele ya mgeni! Mama yake akamkazia macho. "Akeyo! Umeshikwa na nini wewe?"

"Mwache aseme," baba akasema.

Akeyo akalia, lakini akasema. "Baba, nilimsifia Joab kampuni ya Tai kwa sababu Bwana huyu aliniahidi kunipeleka kwa nyanya. Lakini tanboi wao hawafundishwi. Nimeona kwa macho yangu. Wa Mzee Nganga wanapanda upande wa usukani. Wa Tai wanapanda juu ya magunia. Nilijua tangu Alhamisi nikanyamaza. Nisamehe, Joab."

Bwana Ephantus akacheka kwa sauti kubwa. "Watoto bwana! Mzee Kepher, sisi tumefundisha vijana wengi, wengi sana. Hata huyo Nyang'au aliye nje, anaendesha vizuri kabisa. Bado leseni tu."

Wakati huohuo, akina mama waliotoka kuchota maji walikuwa wamekwama nje na madebe yao kichwani, njia imezibwa na lori. Mmoja akaita, "Jamani, tupite wapi? Shingo zinavunjika huku!"

Kepher akainuka, akaenda mlangoni. "Nyang'au, mwanangu," akaita kwa upole, "hebu lisogeze gari kidogo mama zako wapite."

Nyang'au akamtazama Bwana Ephantus. Bwana Ephantus akatazama viatu vyake. Nyang'au akafungua mlango wa upande wa usukani, akapanda, akakaa. Akashika kitu hiki, akakiacha, akashika kile. Mwishowe akashuka akiwa ameinamisha kichwa.

"Siwezi, Mzee. Sijawahi kuonyeshwa."

Hakuna aliyecheka, hata watoto. Kepher akamshika bega. "Si kosa lako hata kidogo. Ingia ndani unywe chai na wenzako." Halafu akamgeukia mgeni. "Bwana Ephantus, nitajie kijana mmoja tu. Mmoja uliyemfundisha mpaka akapata leseni, nimtafute nimwulize."

"Wapo... wapo huko Nakuru," Bwana Ephantus akasema, na karatasi ilikuwa imeshaanza kurudi mfukoni. Chai yake hakuimaliza.

Joab alikaa chini, akajishika kichwa. Akeyo alidhani atagombezwa. Badala yake kaka yake alimvuta, akamweka kando yake. "Ungenyamaza dakika moja zaidi," akasema, "miaka mitano yangu ingekwenda hivihivi."

Keshoye Joab hakukimbilia kwa Mzee Nganga. Baba alimwambia amtafute kwanza Kipkosgei amwulize kila kitu: alifundishwa na nani, kwa muda gani, na gari likiharibika hasara inamwangukia nani. Aliporidhika ndipo alipokwenda Kedowa. Na alishika gogo! Alishika gogo masika nzima, matope mpaka magotini, mvua ya Kericho ikimpiga kila alasiri kama kawaida yake. Alijifunza kufungua tairi na kuziba mpira. Mama yake alikuwa akimwonea huruma, akamwekea uji wa moto pembeni. Nyang'au naye, mapatano yake ya Tai yalipokwisha, Joab mwenyewe alimpeleka kwa Mzee Nganga. Na Akeyo alikwenda kumwona nyanya kwa basi, akiwa amebanwa baina ya kapu la kuku na mama mmoja mnene, akarudi salama.

Kisha ikafika siku ambayo watu wa laini ile waliizungumza kwa miaka mingi. Ilikuwa mchana, jua limewaka baada ya mvua, na bustani za chai zimeng'aa mpaka unatamani kuzigusa. Lori la viraka likaja taratibu, likasimama pale penye uji bila kupiga honi. Nyuma ya usukani alikuwa Joab, leseni yake mpya mfukoni.

Mama yake akataka kupiga vigelegele. Joab akaweka kidole mdomoni upesi, akaonyesha kushoto kwake. Mzee Nganga, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akifumba macho akiwa ndani ya gari, alikuwa amelala fofofo, kofia imemwangukia puani.

"Amelala tangu wapi?" Akeyo akanong'ona.

"Tangu Kedowa," Joab akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Tumeteremka mlima wote, na hakuamka."

Kepher, aliyekuwa ametoka zamu, akasimama akimtazama yule mzee aliyelala. Akamweka Akeyo mkono begani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mtu akikuahidi kukufundisha kazi, usisikilize ahadi yake wala usitazame rangi ya gari lake. Watafute aliowafundisha. Na ukishajua ukweli, useme mapema, hata kama utakukosesha kitu unachokipenda."

Mama akamimina uji polepole, kikombe kisigonge sufuria. Wakaunywa wamesimama, bila kelele, wakimsubiri mzee aamke mwenyewe.