Kadi ya Cheche, Mguu wa King'ora

Kila asubuhi Cheche alifagia ua, akachota maji, kisha akagonga dirisha la nyumba ya pili kumwita binamu yake waende shule. Binamu huyo aliitwa King'ora, kwa sababu alipolia hata kuku waliacha kudonoa wakasikiliza. Wasichana hao walikuwa na umri mmoja, kimo kimoja na sura moja, kama shilingi kwa ya pili. Walimu wenyewe waliwachanganya, nao hawakuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Siku hiyo King'ora alitoka mbio bila viatu, akimkimbiza mbuzi aliyekuwa akitafuna soksi yake. Hakufika mbali. Alikanyaga msumari uliochomoza kwenye ubao, na mtaa mzima ukapata habari.

Mama yake, fundi cherehani, alitoka na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akamwosha mguu, akaufunga kitambaa, kisha akamgeukia Cheche kwa sauti tamu kuliko kawaida yake.

"Mwanangu, ile kadi yako ya bima ya afya iko wapi?"

"Iko ndani, shangazi. Lakini ni yangu."

"Kwani nimesema naila? Tunaiazima tu. Mwenzio hana."

Hana, kwa sababu kila mama yake alipokumbushwa kwenda kumwandikisha, alijibu "kesho", na kesho hiyo haikuwahi kupambazuka. Cheche aliona haya kumkatalia shangazi yake. Akaileta kadi, akamshika binamu yake mkono, wakaongozana na shangazi hadi zahanati.

Walikaa kwenye benchi refu lililonukia dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi alipoita jina lililoandikwa kwenye kadi, Cheche aliruka, "Nipo!" Shangazi akamvuta sketi, naye Cheche akaketi tena. King'ora akachechemea kwenda mbele, nao wakamfuata.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imekaa nchani mwa pua. Aliitazama picha, akautazama uso, akaridhika. Akakisafisha kidonda, akakifunga bandeji, kisha akasoma kwenye kompyuta.

"Kidonda cha msumari kinaweza kuleta pepopunda," alisema. "Huo ugonjwa hukaza taya, ukakaza mwili mzima, na unaua. Lakini wewe una bahati. Chanjo zako zimekamilika, na ya mwisho ulichomwa shuleni mwaka jana. Sindano ya nini tena? Nenda zako nyumbani."

King'ora, aliyekuwa ameshaandaa kilio, alikimeza. Akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Cheche hakutabasamu. Siku ile ya chanjo yeye alinyoosha mkono akachomwa. King'ora alijifungia chooni mpaka gari la wauguzi likaondoka.

"Mwambie," Cheche alinong'ona.

"Thubutu! Ukisema, sisemi nawe tena mpaka tuzeeke."

"Nitazeeka na nani ukifa?"

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni. Cheche alijua kwamba akifungua mdomo atamwaibisha mama mzima, na huenda kadi yake ikachukuliwa. Hata hivyo akasogea mezani.

"Samahani, mama muuguzi. Kadi ni yangu, na aliyechanjwa ni mimi. Huyu alijificha chooni."

Shangazi akaanza kukagua pindo la gauni lake, kana kwamba alilishona mtu mwingine.

"Na wewe, mama," muuguzi aliuliza, "ulijua?"

"Ya kadi nilijua, muuguzi. Ya choo, wallahi, sikujua!"

Muuguzi alibana midomo ili asicheke, lakini mkono wake ulikuwa tayari unafungua sindano. King'ora akawasha king'ora. Wagonjwa wa nje wakachungulia dirishani, wakadhani anakatwa mguu. Kumbe kazi ilikuwa imekwisha zamani.

"Bado tu?" King'ora aliuliza, macho kayafumba.

"Nilishamaliza, mwanangu. Umenilipua masikio bure."

Kisha muuguzi akaifuta habari ya kidonda kwenye kumbukumbu za Cheche. Cheche akauliza kwa woga, "Kadi mtaninyang'anya?"

"Hapana. Umesema kweli kabla mtu hajaumia. Ila usiiazime tena, hata ungekuwa na pacha."

Shangazi hakusubiri kuambiwa. Aliingia chumba cha pili, kwa afisa wa bima, akamwandikisha binti yake, naye King'ora akapigwa picha ya kadi macho yamevimba kwa kulia. Atakaa na sura hiyo kwenye kadi miaka na miaka.

Walipokuwa wakiaga, muuguzi aliwashika wasichana mabega.

"Mnafanana sura, lakini damu, maradhi na chanjo za kila mmoja ni zake. Mimi hutibu kwa kuamini ninayoambiwa. Ukinidanganya, nitakutibu vizuri sana ugonjwa wa mtu mwingine, na wako utabaki nao."

"Nimesikia, muuguzi," akajibu shangazi, ingawa hakuwa yeye aliyeambiwa. "Kadi ya bima si mwamvuli wa kujifunika wawili."