Nukta Tatu za Shaba

"Hivi binti yako anapima nini huko maabara, mpaka uchumba unamchachia mkononi?" jirani alimuuliza mama mtu siku moja, ameegemea geti.

Jibu alikuwa nalo binti mwenyewe.

Yeye na mchumba wake walikutana kwenye foleni ya kutoa kopi, watu wamebanana. Binti kavaa koti jeupe lenye doa la bluu mfukoni; kijana wa takwimu kavaa shati la mistari lililopigwa pasi upande mmoja tu.

"Dada, nukta zako zimejipanga vizuri," alisema kijana, akichungulia grafu mkononi mwa binti.

"Na macho yako, kaka, hayana adabu."

Wakacheka. Toka hapo kazi yao ikawa moja. Binti alidondosha shaba kidogo kidogo kwenye maji yenye ligandi, ile dawa inayoikamata shaba, na kijiti cha umeme kikamwonyesha ni kiasi gani cha shaba bado kinaelea huru. Kila kipimo, nukta moja. Kijana alizipitisha nukta kwenye hesabu za kompyuta, ajue dawa inashika kwa nguvu gani. Jioni simu zilianza na shaba, zikaishia na "umekula, mpenzi?" Posa ikapelekwa, Mungu akajalia ikapokelewa.

Kisha binti akafungua ripoti aliyoiandika kijana, akakuta nukta zake tatu hazipo. Mstari umepita laini, utadhani hazikuwahi kupimwa. Akazima simu.

"Utaacha mume kwa ajili ya nukta?" mama alimaka.

"Si nukta, mama. Hakuniuliza. Leo kafuta kazi yangu kimya kimya, kesho nikiwa ndani kwake atafuta nini?"

Jumapili kijana akaja mwenyewe, kompyuta kwapani, macho yamemwingia ndani. Mama akamkaribisha, kisha akaketi papo hapo katikati yao na ushonaji wake.

"Nilidhani kijiti kilichafuka," alisema kijana. "Nikaziondoa, nikihofia wakubwa wasije wakakucheka."

"Ukanisitiri, wala hukuniambia kama niko uchi!"

Sindano ya mama ikasimama hewani.

"Nimekosa, mpenzi. Nimezirudisha zote, nikaanza hesabu upya. Nilikuwa nimeilazimisha dawa iwe na mshiko mmoja, kumbe inayo miwili: mmoja unabana, mwingine umelegea. Nukta zako mbili ndizo zinazouonyesha huo wa pili. Ila ya tatu haikai popote." Akamgeuzia binti kioo cha kompyuta. "Safari hii nakuuliza. Niiache au niitoe?"

Binti akatazama kioo, akauma mdomo.

"Hiyo... sikukiosha kijiti. Nilikuwa nawahi simu yako."

Kicheko kikamponyoka kijana, akakizuia kwa kiganja. Binti naye kikamtoka, na machozi juu yake.

"Itoe," alisema. "Lakini tuandike sababu."

"Na lingine la kukuuliza. Wazee wangu waje Jumamosi na mahari, au wasije?"

"Waje. Ila siku utakayoniamulia tena, utanitambua, baba."

"Nimesikia, mama," kijana alimjibu binti, akitabasamu.

Akanyoosha mkono juu ya meza. Wa binti ukaja taratibu, ukaingia ndani yake.

Mama akawatazama, huyu kisha yule. Akakunja ushonaji wake, akavaa kandambili, akatoka nje, akawaachia chumba wawili hao.