Karatasi ya Siku Saba

Ninaowaandikia haya mnaijua nyumba yenyewe, hata nisipomtaja mwenyewe. Ni ile yenye baraza la saruji lililopasuka katikati, na mlango wa mbao nyekundu usiotoa mlio hata ukiusukuma kwa kidole kimoja. Leo wanakaa watu wengine. Ninayoyasimulia ni ya waliokuwa humo kabla yao.

Zamani hizo asubuhi zetu zilianza kwa sauti ya randa. Sisi wa upande huu hatukuhitaji saa. Fundi seremala akishaanza ubao wake wa kwanza, ulijua mtoto ambaye hajavaa viatu atachelewa shule. Maranda yalidondoka miguuni pake yamejikunja, meupe, yananukia, na binti yake wa darasa la sita aliyazoa kwenye gunia akatugawia sisi wazee tuwashie moto. Hatukumlipa kitu. Upande wa pili wa baraza alikaa mkewe, ambaye tulimwita Msusi kwa kazi yake, amekishika kichwa cha mteja magotini. Mume huku, mke kule, wanataniana juu ya vichwa vya watu.

"Fundi, punguza vumbi. Unamzeesha mteja wangu kabla sijamaliza kumsuka."

"Si faida yako? Akitoka mvi atarudi umpake rangi."

Mteja mwenyewe anacheka, mimi nachekea dirishani kwangu. Hiyo ndiyo nyumba iliyovunjika, na mkono mmoja wa kuivunja ni wangu.

Mwaka ule bei zilipoanza kupanda, ofisi yetu ya mtaa ilipata mfuko wa kusaidia kaya zilizokwama. Utaratibu wake ulikuwa hivi: unakwenda kueleza hali yako, karani anakuja kuona nyumbani, kisha karatasi ya kaya yenu inabandikwa siku saba kwenye ubao wa matangazo ili mwenye pingamizi aseme. Siku saba zikiisha salama, mnasaidiwa kodi na chakula, na wanaowadai wanaitwa ofisini mpangiwe namna ya kulipa kidogo kidogo. Ikiondolewa kabla ya siku hizo, maana yake mmejitoa.

Ubao huo aliutengeneza Fundi mwenyewe. Mbao ngumu, mlango wa kioo, kufuli dogo ubavuni. Kufuli lilikuwa linakwama kwa upya, kwa hiyo karani alibaki na ufunguo mmoja na Fundi akabaki na wa pili, awe anapita kulitia mafuta.

Wa kwanza kubandikwa alikuwa mshona viatu wa pale kona. Siku hiyo Fundi alisimama mbele ya ubao wake, mikono kiunoni, watu wamemzunguka.

"Kumbe nilikuwa nawatengenezea fremu ya picha," alisema. "Tazameni. Mbandikwa namba moja."

Watu wakacheka. Tangu hapo aliyepewa msaada aliitwa Mbandikwa. Mshona viatu akipita barazani, Fundi alimpigia saluti kwa msumeno: "Kaka Mbandikwa, picha imetoka vizuri." Mshona viatu alikuwa akitabasamu na kuendelea na safari. Na mimi, bibi mzima mwenye wajukuu, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nawaambieni ili msidhani nimeketi juu nawatazama chini.

Mwaka uliofuata zamu ikafika kwa Fundi. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameagiza vitanda kumi na viwili. Fundi akatafuta pesa za mbao. Akazipata kwa mzee mmoja ambaye sisi wote tunamwita Usijali, kwa sababu kila unachomwambia anajibu "usijali". Kwake unakaa kwenye kochi, unaletewa chai, huandiki chochote, unaweka rehani tu. Fundi akaweka rehani zana zake zote na meza yake ya kazi. Hakumwambia mkewe.

Vitanda saba vikiwa vimeshaungwa, mwenye nyumba ya wageni akaghairi. Wageni hakuna, alisema, nitalaza nani. Fundi akavipeleka sokoni, watu wakavipapasa, wakavisifu, wakanunua vile vya bomba kwa nusu bei. Vichwa vya kusuka navyo vikapungua. Mtu akikosa unga hasuki nywele. Kodi ya nyumba ikapita mwezi, ikapita miwili.

Deni likachelewa, na zana zikaanza kwenda kwa Usijali moja moja. Kwanza keekee ya kutobolea mbao. Msusi akauliza iko wapi.

"Nimemwazima mtu."

Kisha patasi, zote nne. "Ziko kwa mnoaji." Kisha msumeno mkubwa. Msusi hakuuliza tena. Asubuhi moja, mikono yake ikiwa ndani ya beseni la vyombo, akasema kwa sauti ya chini, ila ukuta wetu ni mmoja na mimi sikuziba masikio:

"Baba watoto, twende ofisini. Karani ni binti mwenye adabu, hatatuuliza vibaya. Anayekudai, yeyote yule, wanamwita mnakaa mezani."

"Nani kakwambia nadaiwa?"

"Patasi nne kwa mnoaji wiki ya tatu. Ananoa au anazila?"

Hapo Fundi akasema: "Mimi nibandikwe kwenye ubao nilioukata kwa mkono wangu? Mshona viatu anipigie saluti? Usijali hana ubao. Kwake mtu anakopa na heshima yake."

Kwa hiyo Msusi alimjua mdai siku ile, kwa mumewe kuropoka. Kesho yake alijifunga kitenge akaenda ofisini peke yake. Karani alikuja mchana, Fundi yuko sokoni na vitanda vyake. Akahesabu magodoro, akatazama ndani ya sufuria, akaandika. Jumatatu karatasi ikabandikwa. Ilitaja kazi ya mkuu wa kaya, na chini yake: idadi ya watu katika kaya, watatu.

Msusi hakutaka kuwaona watu wakiisoma. Wiki nzima alizunguka njia ya nyuma hata kwenda bombani. Alikuwa akinijia jioni, anakaa kizingitini pangu na kunitajia siku: "Bibi, zimebaki nne." "Bibi, zimebaki tatu." Uso wake ulikuwa umeanza kurudisha rangi.

Nami nilikuwa nimeona jambo asilolijua.

Jumatano asubuhi nilitoka mapema na ndoo yangu. Fundi alikuwa mbele ya ubao, kioo kiko wazi, ufunguo unaning'inia kwenye kufuli. Aliposikia hatua zangu, mkono wake ukaingia mfukoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kufuli limekwama tena?"

"Ndiyo, bibi. Linasumbua kweli."

Sikuona kopo la mafuta. Niliona nafasi nyeupe kati ya karatasi mbili, na pini nne zimeshikana na ukingo wa mbao, amezichomeka kwa mstari ulionyooka, maana hata jambo baya alilifanya kifundi. Nikamtazama, akanitazama. Nikachukua ndoo yangu nikaenda zangu. Nilijiambia ya mume na mke hayanihusu.

Siku ya nane Msusi alivaa gauni lake zuri akaenda kuchukua barua. Karani akashangaa.

"Dada, si mlijitoa? Karatasi yenu iliondolewa siku ya tatu. Fedha za awamu hii zimeshagawiwa kwa wengine."

"Aliyeiondoa nani?"

"Sijui, dada. Kufuli lilikuwa zima, nikadhani mmekuja mkalifungua wenyewe, maana Fundi ana ufunguo."

Huyo mwanamke hakusikia habari ya ufunguo. Kichwani mwake alikuwa na mtu mmoja tu mwenye sababu ya kuwachukia. Alitoka moja kwa moja mpaka kona, kwa mshona viatu, mbele ya wateja wake.

"Umelipiza, sivyo? Mume wangu alikutania, ungemrudishia yeye. Mwanangu amekukosea nini?"

Mshona viatu alishusha kiatu alichokishika. "Shemeji, kaa kwanza uvute pumzi. Karatasi yenu niliiona Jumatatu. Nilimwambia mke wangu, afadhali hawa wamewahi."

"Mwongo mkubwa."

Akatema mate karibu na mguu wake, akaondoka. Watu wakamtazama mshona viatu kwa jicho baya. Wawili wakachukua viatu vyao vikiwa havijaisha. Yeye akainama akaendelea kushona. Nilikuwa hatua kumi kutoka hapo, na neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nikalimeza.

Jumamosi Msusi alifua. Kabla ya kulowesha suruali ya kazi ya mumewe aligeuza mifuko kutoa misumari, kama alivyozoea. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho.

Sikusikia kelele. Nilichungulia nikamwona amesimama na ile karatasi, mapovu yanamdondoka viwikoni, na Fundi ameketi kwenye meza ya kazi, amekiinamisha kichwa.

"Siku saba," Msusi alisema. "Siku saba nahesabu, nawe unanisikia nikihesabu. Kumbe nahesabia kitu kilichomo mfukoni mwako."

"Niliona aibu, mama watoto."

"Mimi sikuona? Nilimwonyesha mtu sufuria tupu. Nimekwenda kumtemea mate mtu wa watu."

 

Msusi alikwenda kumwomba radhi mshona viatu siku hiyo hiyo, na mikono yake bado ina sabuni. Wiki iliyofuata Usijali akaja na mkokoteni. Alikuja saa nne asubuhi, mtaa umejaa. Wakapakia jiriwa la kubania mbao, wakapakia nyundo na bisibisi kwenye sanduku lao, wakainua meza ya kazi ambayo miguu yake ilikuwa imekaa pale mpaka saruji ikabonyea. Mwisho Usijali akanyoosha mkono, na Fundi akamkabidhi randa.

"Mzee, hiyo niachie. Hiyo ndiyo inanilisha."

"Usijali," alisema mzee, akaiweka juu ya mkokoteni.

Ile siri aliyoifuata kwenye kochi la Usijali iliishia barabarani, mchana kweupe, mbele ya watu wengi kuliko ubao wowote. Hakuna aliyecheka. Nadhani kucheka kungemsaidia zaidi.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akataka vyumba vyake. Msusi akafunga nguo katika shuka mbili, akamshika binti yake mkono, wakaenda kwa kaka yake, mji mwingine. Binti alipita kuniaga na gunia la maranda, la mwisho, lililojaa nusu. Shule alikuwa ameiacha katikati ya muhula. Nilimuuliza mama yake kama atarudi.

"Kwa nani, bibi? Umaskini ningeuvumilia naye. Kunitazama nikihesabu, hapana."

Hapo ndipo nilimwambia kwamba nilimwona mumewe Jumatano ile.  Hakunitukana. Akajitwisha shuka lake akaenda, na mpaka leo hajanitumia hata salamu.

Miezi sita baadaye mpira wa watoto ulivunja kioo cha ubao na kupasua fremu. Karani akatuma aitwe Fundi, maana alikuwa hajui yaliyompata. Fundi alikuwa kibarua wa kubeba mchanga, analala kwenye kibanda cha mlinzi. Akaja, mikono mitupu.

"Zana zako ziko wapi?" karani akauliza.

Fundi akaenda kona.

"Kaka, naomba nyundo."

Mshona viatu aliifuta kwenye aproni yake akampa. "Misumari unayo?"

"Sina."

Akamwekea mitano kiganjani. Fundi akaunganisha fremu, akaipangusa kwa mkono wa shati. Alipomaliza, karani akamwambia kwamba awamu mpya imefunguliwa, kama anataka aandike. Akaandika pale pale, amesimama, na kwa kuwa hakuwa na nyumba ya kukaguliwa, karani akaibandika karatasi mbele yake. Nilikuwepo. Niliisoma mara mbili. Kazi: seremala. Idadi ya watu katika kaya: mmoja.

Fundi naye aliisoma. Kisha akatoa ufunguo wa pili mfukoni, akauweka mezani kwa karani, akaenda kurudisha nyundo.

FUNZO

Ndugu zangu, maisha yakikubana sema mapema, na wa kwanza kumwambia awe yule mnayelala naye chini ya paa moja. Msaada wa halali una maswali, una karatasi, una watu watakaokutazama. Vumilia kutazamwa, kunapita. Anayekukopesha kimya kimya bila kuandika anakununua kwa bei ya aibu yako. Na kile kinachokulisha, iwe randa, cherehani au jembe, usikiweke rehani hata akupe chai ya namna gani.

Nasi tunaopita na kusoma majina ya wenzetu, tufunge midomo. Fundi asingeliogopa jina lile kama sisi tusingelicheka alipolibuni. Na ukiona mtu anaharibu, useme siku hiyo hiyo. Mimi nilisema baada ya nyumba kwisha.

Wiki hii karatasi yangu iko pale, ya tatu kutoka juu, ina siku nne. Mkipita, isomeni, kisha mnisalimie.